Ukivuka Isebania, Pesa Zako Ziko Wapi?

Likizo ya Agosti ikikaribia, na zaidi ile ya Desemba, wateja wetu wa Migori na Homa Bay hutuuliza swali lilelile kwa njia nyingi: nikienda Tanzania na gari langu, nitatumia pesa za simu kama hapa? Jibu fupi ni hapana, si kama hapa. Jibu refu ni makala hii, na ndani yake tuna maoni ambayo si kila mtu kwenye biashara hii ya malipo atayapenda.

Tuanze na safari yenyewe, maana tunaona watu wa huku wanaidharau. Ukizungumzia pwani, mtu wa Rongo au Oyugis anafikiria basi la usiku hadi Nairobi kisha SGR hadi Mombasa. Lakini aliye Migori ana njia nyingine iko mlangoni kwake. Unavuka Isebania, upande wa pili ni Sirari, halafu Tarime, Bunda, na baada ya Bunda kando ya barabara ya Mwanza kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mtu wa Nairobi akitaka kufika hapo anasafiri siku nzima. Wewe ukitoka Migori alfajiri, mchana unaangalia mamba wa mto Grumeti. Kutoka Serengeti unapita Ngorongoro, unashuka Karatu hadi Arusha, Moshi, Same, mpaka njia panda ya Segera. Kushoto ni Tanga, kulia ni Chalinze na Dar es Salaam. Ukishika Tanga unaenda Pangani, kisha Saadani, hifadhi ya taifa ambayo nyika yake inaishia kwenye mchanga wa bahari, kisha Bagamoyo, halafu Dar. Kurudi unapita Horohoro na Lunga Lunga hadi Mombasa, na nyumbani kupitia Tsavo. Huo ni mzunguko wa nchi mbili, miji minne mitano ya pwani, na hifadhi ambazo watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuziona.

(Kuna wanaouliza kwa nini wasipite Maasai Mara waingie Serengeti moja kwa moja, kwa sababu kwenye ramani ni pua na mdomo. Haiwezekani. Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, njia ya Bologonja haikurudishwa kwa watalii. Nyumbu wanapita, wewe hupiti. Zunguka Isebania.)

Na kama gari lako ni dogo na liko chini, usilipeleke Serengeti kwa ujasiri tu. Zile barabara za changarawe zina mawimbi yanayofungua boliti moja moja. Kuna lami safi inayozunguka: Mwanza, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha. Ni ndefu, lakini utafika na ekzosi yako.

Sasa pesa.

Jambo la kwanza tunalotaka lieleweke ni kwamba jina moja si mfumo mmoja. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania ikaanza 2008 chini ya kampuni nyingine. Jina ni lilelile, lakini ni mifuko miwili tofauti katika nchi mbili zenye benki kuu mbili na sarafu mbili. Tangu 2015 unaweza kutuma kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Huwezi, hata hivyo, kusimama mbele ya wakala wa Tarime na laini yako ya Kenya ukasema "nitolee elfu tano". Wakala hana namba yoyote ambayo simu yako itaitambua. Airtel nayo ni hivyohivyo: iko nchi zote mbili, na mifuko ni miwili. Watu wanajua hili kwa kusikia, lakini mwili haujui mpaka wakwame Bunda saa mbili usiku na elfu sitini kwenye simu na njaa tumboni.

Hapa ndipo tunatofautiana na wengine katika biashara yetu. Matangazo ya sekta hii yanapenda kusema mipaka imeisha. Haijaisha. Mtu aliyezaliwa Muhuru Bay, ambaye ana shangazi Shirati, anaweza kudhani Tanzania ni ng'ambo ya boma tu. Wakuria wako Kehancha na wako Tarime, Wajaluo wako Migori na wako Rorya, watu huvuka kwenda matanga na kurudi jioni. Kwa undugu, ndiyo, hakuna mpaka. Kwa pesa za simu, mpaka upo, una ada, una kiwango cha kubadilisha, na una sheria zake za kusajili laini. Tunaona ni heshima zaidi kwa mteja kumwambia hivyo kabla hajatoka nyumbani.

Basi ufanyeje? Maoni yetu ni haya: pata laini ya Tanzania iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, siku ya kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole. Raia wao hutumia namba ya NIDA, wewe mgeni utatumia pasipoti. Na pasipoti utaihitaji hata hivyo, kwa sababu ule mpango wa kusafiri kwa kitambulisho tu, ulioanza 2014, ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Nenda kwenye duka la kampuni ya simu lenyewe, Tarime au Musoma, usiishie kwa kijana wa mwavuli pale karibu na geti.

Tunajua utaambiwa nini pale Sirari. Utaambiwa, "Mzee, ya nini kujisumbua na foleni, chukua hii laini, iko tayari, ina M-Pesa na kila kitu." Laini hiyo ina jina la mtu mwingine. Pesa ukiziweka humo ni za huyo mtu, kisheria na kwa vitendo. Anaweza kwenda dukani na kitambulisho chake, akasema simu imepotea, akapewa laini mpya, na salio lako likamfuata. Utaripoti nini polisi? Kwamba pesa za fulani zimechukuliwa na fulani huyohuyo?

Na laini ya shemeji je? Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu hapa tunazungumzia watu wa heshima. Shemeji wa Tarime akikwambia "tumia laini yangu, shemeji, wewe ni mtu wa nyumbani," ni wema kweli. Lakini fikiria siku pesa zikipungua elfu kumi na hakuna anayejua zilienda wapi, ada au makato au mtoto alinunua bando. Utamuuliza? Hutamuuliza. Utarudi Homa Bay ukiwa umenuna, na Krismasi ijayo hamtaonana. Mwambie ahsante, kula ugali wake, lala kwake, mnunulie sukari na majani ya chai, lakini pesa ya safari iwe kwenye laini yako.

Ukishapata laini, jitumie mwenyewe kutoka laini ya Kenya kwenda ile ya Tanzania, kidogo kidogo. Tuma kiasi kidogo kwanza, uone jina linalotokea ni lako, ndipo utume kingine. Kabla ya kuweka PIN angalia vitu viwili, siyo kimoja: ada, na kiwango cha kubadilisha. Watu wengi huangalia ada tu. Ada inaweza kuwa ndogo ya kuvutia huku kiwango ndicho kinachokula.

Hesabu yake ni hii. Shilingi moja ya Kenya kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu na shilingi 20 za Tanzania, mara nyingine chini ya hapo. Tuseme leo ni 20 kamili, na huduma unayotumia inakupa 19.2. Inaonekana si kitu. Lakini ukituma 40,000 za Kenya, badala ya 800,000 unapata 768,000. Zimeenda 32,000 za Tanzania, yaani 1,600 za Kenya, na kwenye SMS imeandikwa kwamba ada ilikuwa ndogo sana. Tunasema wazi: kampuni yoyote ya malipo, ikiwemo iliyo kubwa kuliko zote, inapaswa kuandika kwenye skrini moja ada, kiwango chake, na kiasi atakachopokea mtu kwa shilingi za huko, kabla ya PIN na si baada yake. Mteja akiulizwa PIN kabla hajaona namba hizo tatu, abonyeze kughairi.

Wabadilishaji wa barabarani pale mpakani wana mabunda yao na vidole vyepesi. Hatusemi wote ni wezi. Wengine wamekaa pale miaka na wanajulikana kwa majina. Tunachosema ni hesabu ya karatasi. Noti kubwa ya Kenya ni 1,000. Noti kubwa ya Tanzania ni 10,000, ambayo thamani yake ni kama 500 za Kenya. Kwa hiyo ukibadilisha 50,000, unatoa noti 50 na unapokea noti 100 hivi, za rangi usizozizoea, zenye sifuri usizozizoea, umesimama kwenye jua, watu wanapiga kelele, dereva wa basi anapiga honi. Mazingira hayo yanampendelea anayejua kuhesabu haraka. Kuna na noti ambazo muda wake umeisha: Benki Kuu ya Tanzania iliondoa noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Huko Kenya unakumbuka zile 1,000 za zamani zilizokufa mwisho wa Septemba 2019. Mgeni ndiye hupewa karatasi kama hizo. Kama ni lazima ubadilishe taslimu, badilisha ya chai na mafuta ya kufika Musoma, mengine yapitie benki au simu.

Usitegemee pia kulipa kwa shilingi za Kenya mbele huko. Sirari watakupokea, wamezoea. Lakini kanuni za Tanzania za Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwenye gesti wa Bunda akizikataa noti zako hajakudharau, anaogopa faini.

Na ukisikia Kiswahili cha Migori upande wa Tanzania kikikuambia "njoo, mimi ni wakala, pia nitakuongoza Serengeti," jiulize. Tangu Julai 2025 Tanzania imewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, na uwakala wa pesa za simu na kuongoza watalii ni miongoni mwake. Jamaa anaweza kuwa mtu mzuri. Mambo yakiharibika, wote wawili mtakuwa upande mbaya wa meza.

Kuhusu hifadhi, watu wanabebwa na picha za simba wanasahau geti. Geti la hifadhi siku hizi halitaki noti. Hapa Kenya, KWS wanapokea kupitia eCitizen, na Paybill ya serikali ni 222222. Ukipewa namba nyingine yoyote ya kulipia hifadhi ya taifa, shika simu yako urudi nyuma. Kwa majaribio, anza na Ruma, pale bonde la Lambwe. Ni kilomita za mraba 120, iko Homa Bay kwenyewe, na ndiyo hifadhi pekee ya Kenya ambako utamkuta korongo (yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, si ndege). Inashangaza ni watu wangapi wa Mbita na Ndhiwa hawajawahi kuingia. Lipia mwenyewe mtandaoni, uone risiti inavyokuja, uonyeshe getini. Ukishafanya hivyo Ruma, Serengeti haitakutisha.

Tanzania nako malipo ya serikali hupitia namba maalumu ya tarakimu 12 inayoanza na 99, ambayo wenyeji huiita kontro namba. Ndiyo utakayopewa kwa kiingilio cha hifadhi, na unailipa kwa simu ya huko au benki. Menyu ya M-Pesa huko ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#, na ile iliyokuwa Tigo Pesa, ambayo tangu mwisho wa 2024 inaitwa Mixx by Yas, ni *150*01#. Unachagua malipo ya serikali, unaweka namba, jina la taasisi linatokea. Jina likiwa si la taasisi unayodaiwa nayo, usiweke namba ya siri.

Mambo matatu hapa yanawauma Wakenya. La kwanza, wewe kama raia wa Afrika Mashariki unatozwa kiingilio kwa shilingi na kwa bei nafuu sana kuliko mgeni wa Ulaya, lakini lazima uonyeshe pasipoti. Gari lako halina uraia huo. Gari la namba za kigeni hupigiwa hesabu kwa dola, na familia nyingi hukuta gari limewagharimu kuliko watu wote waliomo. La pili, Serengeti ni ya TANAPA na Ngorongoro ni ya mamlaka yake nyingine. Ukipita Ngorongoro ili tu ufike Arusha, bado unalipa. Ni malipo mawili, kontro namba mbili. La tatu, kibali cha Serengeti kinahesabiwa kwa saa 24, na mtandao ndani ya hifadhi unakuja na kuondoka kama mvua ya Karungu. Lipa ukiwa na mtandao, piga picha ya ujumbe, na uhifadhi hiyo SMS. Kutafuta mtandao juu ya boneti huku saa zinakwisha ni njia mbaya ya kumuona chui.

Njiani kuna faini. Hili tulizungumze kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloharibu bajeti za watu wetu. Barabara za Tanzania zina vibao vya 50 kila kijiji, na trafiki wao wanaviamini. Mkenya aliyezoea kupita Awendo kwa 90 atasimamishwa kabla hajafika Bunda. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000 za Tanzania, kama 1,500 za Kenya. Ukitoka Sirari mpaka Tanga kwa mwendo wa nyumbani unaweza kulipa mara tano. Lakini faini halali ina kontro namba. Unapewa, unalipa kwa simu yako palepale au baadaye, unapata risiti. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuwa na laini yako yenye salio: mtu mwenye njia ya kulipa rasmi hana sababu ya kukunja noti ndani ya leseni. Ukiambiwa "mtandao uko chini, toa tu hapa," sema kwa upole, "Afande, naomba kontro namba, nitalipa." Kwa upole. Tanzania neno la upole lina nguvu kuliko huku. Usiseme "nipe chenji", sema "naomba chenji yangu, dada". Salimia kwanza kabla ya kuuliza bei, na mtu mzima mpe shikamoo yake. Tunalitaja kwenye makala ya pesa kwa sababu bei ya embe Pangani hubadilika kufuatana na salamu.

Mikumi, kama utaongeza safari ya kutoka Dar kuelekea Morogoro, barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Huhitaji kulipa kiingilio kupita, lakini ukigonga mnyama utatozwa, kila mnyama na bei yake. Swala tu anaweza kumaliza bajeti ya wiki.

Sasa vyama. Wengi wanaofanya safari hizi si familia tajiri yenye Prado. Ni chama cha akina mama cha Kendu Bay, ni walimu wa shule moja, ni kwaya, waliochanga mwaka mzima na kukodi basi dogo. Na karibu kila mara pesa zote ziko kwenye simu ya mweka hazina mmoja. Tunapinga jambo hili waziwazi, hata kama mweka hazina ni mama ambaye kijiji kizima kinamwamini. Hasa kama ni yeye. Mtu anayeaminika namna hiyo hapaswi kubebeshwa mzigo ambao simu moja ikidondoka kwenye choo cha Singida inamfanya aonekane mwizi mbele ya wenzake 30.

Fikiria kundi la watu 30, kila mmoja amechanga 12,000. Hiyo ni 360,000. Kikomo cha salio la mfuko wa simu Kenya tangu Agosti 2023 ni 500,000, na muamala mmoja 250,000, kwa hiyo zinaingia zote kwenye simu moja bila shida. Hapo ndipo hatari ilipo: simu inaziruhusu. Zigawe. Watu watatu, kila mmoja na theluthi, na daftari linaloandikwa nani ana kiasi gani, linalosomwa kwa sauti kila jioni kabla ya kulala. Kila mmoja awe na laini yake ya Tanzania. Anayelipia hoteli asiwe ndiye anayelipia mafuta. Wengine watasema huku ni kutoaminiana. Sisi tunaona ndiko kumlinda mama yule.

Simu ikiibiwa Kariakoo, ni dakika zinazohesabiwa. Ile namba fupi ya huduma kwa wateja unayoijua ya nyumbani huenda isiite ukiwa kwenye mtandao wa Tanzania. Kabla hujaondoka, andika namba ndefu ya kampuni yako, ile inayoanza na +254, kwenye karatasi, si kwenye simu itakayoibiwa. Weka PIN kwenye laini yenyewe pia, siyo kwenye simu tu. Mwizi huchomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na SMS zako zote za siri zinaanza kumfikia yeye. Laini yenye PIN yake humkatalia mlangoni.

Na laini mpya ya Tanzania itakukaribisha na SMS moja ambayo kila Mtanzania anaijua mpaka wameifanya utani: mtu usiyemjua anakwambia ile hela umtumie kwenye namba hii nyingine, jina litatokea fulani. Ni ya kuvulia samaki. Anategemea kwamba kati ya watu elfu moja, mmoja kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela saa hiyo. Mgeni aliyeahidi kulipa gesti ndiye huyo mmoja. Ukipata ujumbe wa kubadilisha namba ya malipo, mpigie mwenye gesti kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usikie sauti yake.

Ukifika pwani yenyewe utaona malipo yanabadilika tena. Maduka ya Dar na Tanga yana Lipa Namba ukutani, ambayo ni sawa na Till yetu. Lakini bajaji, mama wa chapati, mvuvi wa Bagamoyo na muuza pweza wa jioni wanataka taslimu, na wanataka ndogo ndogo. Toa mara moja kiasi cha kutosha siku mbili, maana kutoa elfu tano tano mara sita kutakugharimu makato mara sita. Omba wakala akupe za 1,000 na 2,000. Ukienda soko la samaki la Feri na noti za 10,000 peke yake, utarudi na samaki wengi kuliko ulivyotaka. Na njiani ukipita Mwanza usishangae: sangara ni mbuta, sato ni ngege, dagaa ni omena. Ni ziwa lilelile, bei tu ndizo zina sifuri zaidi.

Karatasi za gari tuziseme haraka. Logibuku ya asili au barua ya mwenye gari, kibali cha muda cha gari unachopewa mpakani, na bima ya COMESA, ile Kadi ya Njano, ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA. Kuna na kadi nyingine ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Watu hubeba moja wakidhani ndiyo zote mbili. Beba zote.

Mafuta nayo yana kalenda. Kenya bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya mwezi, Tanzania Jumatano ya kwanza ya mwezi. Linganisha kabla ya kuvuka, ujue ujaze tangi Migori au Tarime. Kwa gari moja ni akiba ya chakula cha mchana, kwa basi la chama ni zaidi.

Siku ya kurudi kupitia Horohoro, angalia salio la laini ya Tanzania ukiwa bado Tanga. Ukijirudishia Kenya utalipa ada na kiwango tena, na kwa kiasi kidogo haina maana. Ukiziacha humo mpaka Desemba ijayo, laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na kuifuatilia kutoka Homa Bay ni kazi. Kama zimebaki elfu themanini, jaza mafuta Tanga, nunua machungwa ya Muheza barabarani, lipia chakula cha mwisho kwa Lipa Namba, na zilizobaki mtumie yule shemeji wa Tarime aliyekulaza siku ya kwanza.